Kopo la Samli

Umeme ulikatika tangu saa nne za usiku, na alfajiri hiyo nilikuwa natafuta chumvi.

Nilipiga magoti ndani ya stoo, simu nimeiegemeza kwenye mfuko wa mchele ili tochi yake imulike juu, mkono wa kulia umezama mpaka begani katika rafu ya chini kabisa. Vidole vilipita juu ya pakiti ya unga wa wimbi, vikagusa utando wa buibui, vikasita, vikaendelea. Kisha vikakutana na kitu cha mviringo, laini, cha baridi.

Nikakivuta taratibu mpaka kikafika kwenye mwanga.

Kilikuwa kopo la samli. Lita mbili, samli ya Mbarara, kifuniko chekundu, na ule mkanda wa plastiki unaozunguka kifuniko bado haujakatwa. Juu yake palikuwa na mwandiko wangu mwenyewe, kwa kalamu ya wino mzito: 9 Februari.

Tulikuwa katikati ya Mei.

Nikakaa sakafuni. Chumvi nikaisahau kabisa. Watoto walikula mayai chapwa asubuhi ile.

## Nilichokisema mwezi wa tatu

Mwezi wa tatu nilimuuliza dada aliyekuwa akitusaidia kazi za nyumbani kuhusu samli hiyo. Alikuwa ameishi nasi miaka miwili na ushei. Sikumwita mwizi, neno hilo halikutoka kinywani. Nilikuwa nachagua mchele kwenye ungo, macho yakiwa kwenye mchele, nikasema, "Samli ya safari hii mbona imekwisha upesi hivi?"

"Sijui, anti," akasema. "Labda ipo."

Nikanyamaza. Nilinyamaza kwa namna ambayo mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi katika nyumba isiyo yake anaielewa kuliko maneno.

Jumamosi iliyofuata nilinunua kofuli.

Nilisema panya wameanza kuingia stoo, kwa hiyo mlango ukae umefungwa. Kofuli halizuii panya, na sote wawili tulilijua hilo. Pasaka ilipofika aliomba ruhusa aende kwao, wilaya ya Kumi, kwa siku nne. Hakurudi. Aliniandikia ujumbe kwamba mama yake anaumwa, nami nikaupokea kama ulivyo kwa sababu ulinifaa.

Na sasa kopo lilikuwa mapajani mwangu, zima, limejaa.

## Tuliyoyatoa

Kulipopambazuka nilitoa kila kitu. Nilitandika mkeka uani, watoto wakawa wapagazi, tukabeba stoo nzima nje kipande kwa kipande.

Stoo yetu ni kama za wengi waliojenga Kireka, pembezoni mwa Kampala, na vitongoji vyake: chumba kidogo kando ya jiko, futi tano kwa nne, na rafu tatu za zege alizozimimina mwashi wakati nyumba inajengwa. Rafu za zege ni imara. Mchwa hawazili, hazipindi, hata ukipandisha gunia la sukari la kilo 50 hazitikisiki. Nilijivunia rafu hizo. Lakini kina chake ni futi mbili, yaani sentimita 60, na siku ile nilichukua futi kamba nikapima mkono wangu kutoka kwapani hadi ncha ya kidole cha kati: sentimita 66. Maana yake, ili nishike kilicho nyuma ilinibidi niondoe kwanza kila kilicho mbele, nipige magoti, niingize mkono wote, na hata hapo nilikuwa nagusa tu. Kuona, sikuwa naona.

Miaka kumi na miwili nimeendesha jiko langu kwa kupapasa.

Chumvi tulipata pakiti nne, tatu zimefunguliwa. Majani ya chai ya safari ya mwaka juzi. Ufuta. Dengu ambazo sikumbuki kuzinunua. Maharage ya nambale, yale mekundu yenye madoa, yaliyokuwa na vidirisha vya mviringo kila punje. Nilipoyamwaga kwenye ungo yalianza kutembea, maana fukusi walikuwa wengi kuliko maharage mazima. Na karanga, kama kilo tatu, ndani ya kaveera, mfuko wa plastiki, lililofungwa fundo. Nilipolifungua, harufu ilinitangulia. Chini kabisa zilishikana, na juu yake kulikuwa na unga wa rangi ya majivu yenye ukijani.

Hizo karanga sikuzichagua nibakishe nzuri. Ukungu wa aina ile ndio unaoleta sumukuvu, na sumukuvu haifi kwa kukaanga wala kwa kuchemsha, wala huwezi kuwatupia kuku ukadhani umeokoa kitu, kwa sababu kuku nao inawadhuru. Tulichimba shimo tukazifukia. Kila nilichokitupa nilikipima kwanza kwenye mizani ya jikoni: kilo kumi na moja na nusu kwa jumla.

Wazee wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari nilikuwa nalo. Tarehe niliiandika. Niliiandika kwenye kifuniko, halafu nikakisukuma kifuniko mahali ambapo jicho haliwezi kukisoma.

## Akiba haiozi

Mama yangu ni wa Tanga. Baba alikuwa wa Tororo, na reli ndiyo iliyowakutanisha, enzi zile reli ilikuwa moja kwa Afrika Mashariki yote. Tulikulia kwenye nyumba za reli, landi kama tulivyoziita, na ndiyo maana kwetu Kiswahili ni lugha ya jikoni na ya kitandani, ingawa mlangoni tunasikia lugha tano.

Nilizaliwa wakati sukari inatoweka. Amin alikuwa amewafukuza Waasia mwaka 1972, na viwanda vya Kakira na Lugazi, vilivyokuwa vya familia za Madhvani na Mehta, vikaanza kufa mikononi mwa watu waliovirithi kwa amri. Wa rika langu hawahitaji kuelezwa. Chumvi, sabuni, mafuta ya taa, sukari: vyote vikawa vya magendo, na mtu alipima heshima yake kwa anachoweza kumtilia mgeni kwenye chai.

Mama alikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda. Lilikuwa na kofuli, na ufunguo ulifungwa kwenye pindo la kanga, fundo dogo gumu ambalo nililijua kwa kuligusa nikiwa bado nabebwa. Kila jioni alilivuta, akapiga goti, akafungua. "Akiba haiozi, mwanangu," alikuwa akisema, na mkono wake ukapima sukari kwa kijiko kimoja kimoja.

Nimeishi na msemo huo kama aya. Nilipopata nyumba yangu nilinunua vitu kwa gunia na kwa katoni, na kila kilichoingia stoo kilinipa utulivu ambao sasa naona haukuwa na uhusiano wowote na chakula cha jioni. Sikuwa nahifadhi ili tule. Nilikuwa nahifadhi ili nisirudi Tororo ya mwaka 1977.

Akiba yangu ikaoza.

Nilimpigia mama kumweleza habari za kopo, na za kofuli, na nilitegemea kwamba kuhusu kofuli angalau atakuwa upande wangu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Lile sanduku nililifunga kwa ajili ya watu wa nje," alisema. "Nyinyi mlikuwa mnajua kilichomo. Si nilikuwa nalifungua mbele yenu kila siku?"

Kweli. Tulikuwa tukikaa kwenye ukingo wa kitanda tukichungulia. Sanduku linafunguka kwa juu: ukinyanyua kifuniko unaona vyote kwa mpigo mmoja, cha mbele na cha nyuma ni kitu kimoja. Hapakuwa na mahali pa kitu kujificha, na hapakuwa na mtu wa kushukiwa, kwa sababu hata mdogo wangu wa miaka minne angeweza kukuambia sukari imefika wapi.

Nilichukua kofuli la mama. Sanduku lake sikulichukua.

## Mashaka

Kwa wiki mbili nilijaribu kupanga upya juu ya zege lilelile. Mume wangu alisema, na alikuwa na haki kusema, "Kwani huwezi kupanga vizuri tu?" Nilipanga vizuri. Nilinunua vikapu, nikaweka vikavu huku na vya mafuta kule. Siku ya tisa vikapu vilikuwa vimesukumwa nyuma na vingine vimewekwa mbele yake, na aliyefanya hivyo ni mimi, mchana kweupe, baada ya kurudi kutoka soko la Nakawa nimechoka. Rafu yenye kina cha futi mbili inaomba kujazwa. Ukiiachia nafasi mbele, utaijaza.

Ila shaka kubwa ilikuwa nyingine, na nitaisema kama ilivyo. Nilikuwa tayari nimeulizia bei za mbao Ndeeba kabla sijajua nitamwambia nini yule dada. Nilikuwa na michoro mitatu ya rafu kwenye daftari la mwanangu la hesabu. Usiku nilihesabu droo. Kazi ya mikono ni tamu kwa mtu anayekwepa simu, na nilijua kwamba nakwepa.

Niliendelea hata hivyo. Mpaka leo sijui kama nilifanya mambo hayo kwa mpangilio ulio sawa.

## Matundu

Fundi alikuja na pimamaji, keekee, na kipande cha bapa la chuma chenye matundu yaliyopangwa kwa mstari. Kipande hicho ndicho kilichonivutia zaidi ya vyote. Matundu yana kipenyo cha milimita 5, na kutoka kati ya tundu moja hadi kati ya linalofuata ni milimita 32. Ni kipimo cha viwanda vya samani vya Ulaya. Pini za rafu utakazonunua popote zimetengenezwa zikifuata hicho, kwa hiyo ukipoteza pini huhitaji kumtafuta aliyekutengenezea kabati. Analibana bapa kwenye nguzo ya mbao, anatoboa kupitia matundu yake, anashusha, anatoboa tena. Nguzo nzima inakuwa na ngazi ya matundu, na rafu inakaa popote unapotaka.

Tulibishana mambo matatu.

La kwanza ni zege lenyewe. Nilitaka yavunjwe yote. Yeye akasema bakiza la chini, nalo liwe msingi, kwa sababu sakafu inapigwa deki na maji, na ubao wa MDF, ule wa unga wa mbao ulioshindiliwa, ukinywa maji mara moja unavimba kama mkate na haurudi. Alikuwa sahihi. Tulivunja mawili ya juu, vumbi lilikaa wiki nzima, na lile la chini likawa sakafu ya pili.

La pili ni ukuta. Yeye alizoea kufunga reli za chuma ukutani na kuning'iniza rafu kwa braketi. Kuta zetu ni za matofali ya kuchoma yaliyopigwa lipu, na kila mwenye nyumba hapa ameshawahi kuona skrubu ikichomoka na kipande cha lipu kama jino la mtoto. Vitu vya stoo ni vizito. Mchele, sukari, unga na mafuta ya mwezi mmoja kwetu vinafika kilo 80 bila shida. Kwa hiyo nguzo tulizisimamisha juu ya zege, nguzo za mti mgumu wa mugavu, uzito ushuke chini kwa miguu yake; ukuta unazishika tu zisianguke mbele.

La tatu lilichukua saa nzima, nami nilikataa kulegea. Alitaka ubao mmoja uvuke chumba chote, futi tano bila nguzo katikati, unapendeza. Lakini ubao ukiurefusha mara mbili na mzigo ukabaki uleule, kupinda kwake katikati huongezeka mara nane. Mara nane, siyo mbili. Ukiuongeza unene mara mbili, kunapungua kwa kiasi hichohicho. Nilikuwa nimeshaona rafu ya vitabu ya shemeji yangu iliyocheka baada ya mwaka mmoja. Tukaweka nguzo ya kati, kila upande ukabaki na sentimita 75 hivi, plaiwudi ya milimita 18, na ukingo wa mbao umepigiliwa kwa mbele kuuongezea ubao ukakamavu.

Kisha nikamwambia rafu za juu ziwe na kina cha sentimita 30 tu.

"Mama, hiyo ni nusu," alisema.

Mume wangu naye akauliza kwa nini tunalipa fedha ili tupate nafasi ndogo kuliko tuliyokuwa nayo bure. Sikuwa na jibu zuri siku hiyo. Nilijua tu kwamba sentimita 30 ni kopo mbili, moja mbele ya nyingine, na ya nyuma unaiona bila kuinama.

## Robo ya mwisho

Sehemu ya chini, kutoka kiunoni kushuka, ndiko rafu isikofaa hata ukiipunguza kina, kwa sababu macho yako yako juu na rafu iko chini. Hapo niliomba droo. Wengine wanaita saraka. Mama yangu husema mtoto wa meza, na mimi hupenda jina hilo zaidi, kwa namna mtoto anavyotoka na kurudi.

Droo ni sanduku la mama lililogeuzwa likaingia ukutani. Ukilivuta, unaangalia kwa juu.

Fundi alitengeneza masanduku manne mazuri sana, yakawa mapana mno. Reli za pembeni, zile droo inazotelezea, zinahitaji nusu inchi kila upande, yaani sanduku liwe jembamba kwa inchi nzima kuliko nafasi yake, naye alipima nafasi akasahau reli. Aligundua mwenyewe usiku akiwa kwao. Asubuhi saa moja alikuwa getini na boda, msumeno begani, hata chai hakutaka kabla hajayarekebisha. Nimemheshimu tangu siku hiyo.

Siku ya tatu akafunga reli alizonunua. Nilivuta droo ya kwanza. Ikatoka, laini, ikasimama.

Robo tatu ilikuwa nje. Robo ilibaki ndani, chini ya kivuli cha rafu ya juu.

Nikaingiza mkono pale nyuma. Nikaenda kuchukua kopo la samli, bado sikuwa nimelifungua, nikaliweka ndani ya ile robo. Likaenea. Likapotea machoni kabisa.

"Hapana," nikasema.

"Mama, ni robo tu."

Sikuweza kumweleza. Nilimlipa gharama ya kwenda mjini tena, akaleta reli zenye goroli zinazotoka zote, zile za upana wa milimita 45 ambazo kwenye karatasi yake zimeandikwa kilo 45 kwa jozi. Mimi nazipa nusu ya huo uzito na siziongezei. Droo ikitoka sasa, inatoka nzima, ubao wa nyuma unaonekana mpaka kwenye misumari yake.

Nilizifungua zote nne nikasimama kuziangalia zikiwa tupu, muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

## Kilichoingia wapi

Haya nitayapita upesi, maana kila jiko lina watu wake.

Maharage hayakai tena kwenye mfuko. Yakishakauka vizuri juani nayajaza kwenye jerikeni kavu za lita tano mpaka shingoni kabisa, nazikaza vifuniko. Fukusi wakiwemo wanamaliza hewa iliyobaki na kufa kabla hawajazaana. Ukiacha nafasi juu, umewaachia pumzi. Na siweki ya zaidi ya miezi michache, kwa sababu maharage yaliyokaa muda mrefu kwenye joto na unyevu yanagoma kuiva, na hapo unachopika kwa kweli ni makaa. Unga wa mahindi tunanunua wa wiki mbili.

Droo moja ina sakafu ya wavu wa kuku badala ya ubao. Humo wanalala viazi, gizani na penye hewa. Vitunguu viko droo ya mbali, havipatani na viazi. Matoke hayana haja ya stoo. Mkungu unakaa nje kivulini juu ya majani yake, kama ulivyokaa siku zote.

Rafu za juu nimezihamisha mara sita katika wiki mbili za kwanza. Dumu la mafuta la lita 10 liliomba matundu kumi na tatu. Vikopo vya viungo vilitosheka na matano. Zamani kati ya rafu na rafu palikuwa futi moja na nusu, na juu ya kikopo kifupi hewa yote hiyo ilikaa bure, kwa hiyo nilirundika kitu juu ya kitu, na kila kilicholaliwa kilisahaulika. Pini ndogo za chuma zimenifundisha kuuliza swali ambalo sikuwahi kuliuliza: hiki kina urefu gani hasa?

Sasa mwanangu wa miaka saba anajua chumvi iko wapi na imebaki ngapi.

## Simu

Kofuli nililitoa siku ileile niliyopata kopo. Hilo lilikuwa rahisi.

Simu nilipiga tarehe 19 Juni, baada ya magharibi, stoo ikiwa imekamilika na nimeishiwa visingizio. Alipokea baada ya mlio wa pili. Nyuma yake nilisikia watu wakizungumza Kiteso, na kuku.

"Nimetoka shambani sasa hivi, anti. Tunang'oa karanga."

Nikamwambia nimelipata kopo la samli.

Alikaa kimya. Nilihesabu kimya chake kama yeye alivyolazimika kuhesabu changu.

"Lilikuwa wapi?"

"Rafu ya chini. Nyuma kabisa, nyuma ya unga wa wimbi. Unga niliuweka mimi."

"Mimi nilijua lipo," akasema. "Ila sikujua wapi."

Nikaomba msamaha. Nilikuwa nimeyatayarisha maneno, yote yakanitoka. Nikasema tu nisamehe, nilikukosea, hukustahili. Akasema, "Yamepita, anti." Kisha, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, akaongeza: "Asubuhi ndiyo ilikuwa ngumu. Nilikuwa naamka saa kumi na moja naweka maji ya uji, halafu nakaa kwenye ndoo karibu na mlango, nangoja uamke unifungulie chumvi."

Miezi yote hiyo nilifikiri jeraha lilikuwa lile swali kuhusu samli. Swali lilikuwa la dakika moja. Kofuli lilimkuta kila siku alfajiri, na mimi nilikuwa nimelala.

Hatarudi. Nilimuuliza, na alinijibu kwa adabu kwamba anataka kulima msimu wa pili na kuuza karanga mjini Kumi. Nilimtumia kwa simu mshahara wa mwezi aliouacha katikati, ambao nilikuwa nimejiambia kwamba kwa kuondoka ameusamehe. Kopo nililifunga ndani ya kitambaa na katoni, nikamkabidhi kondakta wa basi la Soroti linalopita Kumi, akaniandikia risiti.

Mama yangu, nilipomsimulia, hakunipongeza wala hakunilaumu. Aliuliza droo zinapanda hadi wapi na kama mtu mwenye magoti mabovu anaweza kuzivuta akiwa amekaa. Nilimwambia anaweza. Amesema Agosti atakuja kuziona.

## Gunia dogo

Jumanne iliyopita kondakta alinipigia nije nichukue mzigo wangu pale stendi. Gunia dogo limeshonwa mdomo kwa uzi wa katani, jina langu limeandikwa ubavuni kwa mkaa. Ndani, karanga na maganda yake, bado zina udongo mwekundu.

Ni mbichi. Zikiingia stoo hivi zitafanya kama zile za kaveera. Nimezitandaza kwenye mkeka uani, na mvua inapotishia watoto wanakimbia kuzikusanya bila kuambiwa. Rafu yake nimeshaitayarisha, nimepandisha ile ya juu matundu mawili ili debe lisimame.

Karanga ikikauka, punje inaachana na ganda, ukiitikisa sikioni inagonga. Kila jioni nachukua moja kutoka katikati ya mkeka na moja kutoka ukingoni, natikisa.

Za ukingoni zimeanza. Za katikati bado.